Karata za Mjukuu



Juma lililopita niliteremka Biashara Street pamoja na mjukuu wangu wa miaka 11, nia yangu ikiwa ni kununua leso na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Nilikuwa ningali nimeshika pindo kwa vidole, nikilipima, aliponivuta buibui.

"Nyanya, ninunulie karata. Nataka kuwafanyia wenzangu kiinimacho siku ya Idi."

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "La!" Na sababu yake ni ya zamani. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alipokuwa kijana alitumwa kupeleka ada ya shule. Njiani alikuta watu wamezunguka kijisanduku, na juu yake karata tatu zinapinduliwa: pata potea. Akamwona mmoja akishinda, wa pili akishinda, naye akaweka ada yote. Alirudi mikono mitupu, na muhula ule hakusoma. Miaka mingi baadaye ndipo alipotambua kuwa wale washindi walikuwa wenziwe mwenye karata.

Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiuliza: kaka yangu aliponzwa na kuzijua karata, au na kutozijua? Mtoto anayejua jinsi mkono unavyoweza kuhadaa jicho hataweka senti yake juu ya kijisanduku cha mtu. Na kamari ya leo haingoji njiani. Imo ndani ya simu, mfukoni mwa kijana, usiku wa manane.

Tuyatenganishe basi mambo, kina mama. Kamari imeharamishwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na hapo hapana mjadala. Sihiri nayo ni dhambi kubwa. Ama mchezo wa karata usio na dau, wanavyuoni wamehitilafiana: wako waliokataza kabisa, na wako walioruhusu kwa masharti, mathalani usimpotezee mtu Sala wala usizue ugomvi. Mimi si mufti. Kila mmoja na amuulize sheikh wake. Nilimuuliza wangu, naye akanipa masharti mawili: pasiwe na dau, na mtoto asidai kuwa ana nguvu za ghaibu. Aseme wazi kwamba ni ustadi wa mikono na hesabu.

Tukarudi dukani. Na hapa, wenzangu, niligundua kuwa anayejua kuchagua leso anajua kuchagua karata.

Kwanza, shika. Karata za karatasi huteleza vizuri na kukunjuka kama kipepeo, hasa zile zenye vishimo vidogo vidogo usoni vinavyopitisha hewa kati ya moja na nyingine. Lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu, na karatasi hunyonya maji ikapinda. Za plastiki hustahimili unyevu na vidole vyenye mafuta ya sambusa, ila huteleza kupita kiasi katika mikono isiyozoea.

Pili, pima. Ziko za upana wa milimita 63 na ziko nyembamba za milimita 57, urefu wake ukiwa mmoja, takriban milimita 88. Kwa kiganja cha mtoto, nyembamba ni rahisi zaidi.

Tatu, tazama mgongo. Kama leso, karata nyingi zina mji na pindo. Pindo jeupe likiwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, karata iliyogeuzwa hujulikana mara moja. Kisha hesabu: ziwe 52, mbali na majoka. Na zile zilizotiwa alama za siri mgongoni tuliziacha. Hizo ndizo ndugu za pata potea.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Nyanya, hizi ni za Wazungu?" Nikamwambia majina yake yamepita mikononi mwa Wareno: kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu. Lakini kabla ya Ulaya karata zilikuwa Misri, katika dola ya Mamluki. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata 47 za zama hizo, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa farasi. Hazina sura za watu: mfalme na manaibu wake wameandikwa kwa khati tu. Kopa yetu ni kile kikombe, kilichozunguka dunia kikatufikia Mombasa.

Nami nikamfunza mchezo mmoja, ambao kila mama anaweza kuujaribu leo. Chukua karata 21. Zigawe moja moja, wazi, katika safu tatu za saba saba. Mtazamaji achague moja moyoni, akuambie safu yake tu. Zikusanye, safu hiyo ikae katikati ya nyingine mbili. Gawa tena, uliza tena, kusanya vivyo hivyo. Na mara ya tatu pia. Sasa hesabu kutoka juu: karata yake ni ya 11. Hapana jini wala hirizi. Kila mara unapoiweka safu katikati, karata husogea kuelekea katikati ya fungu, na katikati ya 21 ni 11.

Aliporudia mara ya nne bila kukosea, nilimweleza habari ya babu yake mkubwa na ile ada. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe yule mtu alijua iko wapi tangu mwanzo."

Naam, mjukuu wangu. Tangu mwanzo.

Karata zake nimempa nizitunze mimi, kabatini, ndani ya kisanduku chake, chini ya msahafu hapana, bali chini ya leso zangu zilizokunjwa, zisipinde. Hutoka baada ya Alasiri na hurudi kabla ya adhana ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.