Anayeleta chanjo Bukoto alete na vitamini A

Mtoto anayezaliwa Bukoto, jijini Kampala, hupelekwa kliniki mara kwa mara katika mwaka wake wa kwanza: anapozaliwa, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, kisha miezi tisa kwa sindano ya surua. Baada ya hapo kadi huingia kabatini. Mama amerudi sokoni, mtoto hana homa, na kwenda Hospitali ya Naguru au kituo cha Kiswa ni kupoteza kipato cha siku.

Hapo ndipo vitamini A inapokwama. Hutolewa kila miezi sita, tangu mtoto ana miezi sita hadi akaribie miaka mitano. Chanjo zinapoisha, vitamini ndiyo kwanza inaanza. Upungufu wake huharibu macho, na humwacha mtoto dhaifu mbele ya surua na kuhara. Dozi ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, iliyoanza Uganda mwaka 2022, imeongeza ziara moja tu.

Uganda huwa na siku za afya ya mtoto kila Aprili na Oktoba, ambapo chanjo, vitamini A na dawa za minyoo hutolewa pamoja. Mpango ni mzuri, ila kwa sehemu kubwa humngoja mama aje. Kampeni ya polio ya 2022 ilikwenda kinyume. Virusi vilikuwa vimeonekana mwaka 2021 katika majitaka ya Lubigi na Bugolobi, wahudumu wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kwa Bukoto, nyumba hizo ni vyumba vya kupanga vya Mulimira, na pia maghorofa yenye walinzi, ambayo pengine ni magumu zaidi kuingia.

Wapo wanaosema mhudumu wa polio asibebeshwe mzigo mwingine. Matone mawili ni kazi ya sekunde. Vitamini inataka mkasi, kapsuli ya bluu kwa wasiotimiza mwaka, nyekundu kwa waliotimiza, na kuuliza mtoto alipewa lini mara ya mwisho. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni mafunzo na kadi iliyojazwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuifunga vitamini kwenye polio peke yake. Kampeni za polio zikipungua, vitamini nayo hupungua. Nchi kadhaa za Afrika zimekwisha kuliona hilo. Kwa hiyo Aprili na Oktoba zibaki, mlango kwa mlango.

Au ibadilishwe miezi yenyewe. Kenya hutumia Mei na Novemba, Tanzania Juni na Desemba. Familia ikihama Kampala Machi na kufika Kisumu Juni, mtoto amekosa kote kuwili. Mawaziri wa afya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaweza kuanza hapo: kalenda moja, na kadi ambayo muuguzi wa Kampala, Kisumu na Mwanza ataisoma bila kuuliza.