BARAZA LA MWALIMU: Nyoka wa Kufugwa Anaporudisha Chakula



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia mama mmoja, jirani yetu hapa Aziziya, Jeddah, amefuatana na mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Kijana alikuwa amekumbatia kisanduku cha plastiki kilichotobolewa matundu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla sijamwitikia marahaba ipasavyo, machozi yalikwisha kumlengalenga. Ndani ya kisanduku alikuwamo boa mchanga, urefu wake haufiki dhiraa moja na nusu. Alikuwa amelishwa panya mara mbili, na mara zote mbili alimrudisha siku ya tatu, nusu ameoza, chumba kizima kikanuka. Mama naye alikuwa na ombi moja tu: nimwamrishe mwanawe akamtupe huyo mdudu jangwani.

Sikuafiki. Boa huyu asili yake ni Amerika, kuanzia Mexico hadi Argentina. Jangwa la Hijazi si kwao, na kumtupa huko ni kumwua polepole. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ikiwa yafaa au haifai kumnunua nyoka, hilo nawaachia masheikh wetu. Lakini aliyekwisha kuingia nyumbani mwako ana haki juu yako.

Ukoo wa boa, kwa kweli, si mgeni kabisa katika nchi hii. Yumo mdogo wao wa mchangani, Waarabu humwita dassas, macho yake yako juu ya kichwa kama ya chura, hujifukia akamvizia mjusi. Wataalamu walimwandika mwaka 1888 kwa jina la Eryx jayakari, kwa heshima ya daktari Jayakar aliyefanya kazi Muscat. Na kwetu Afrika Mashariki yuko ndugu yake, boa wa mchangani wa Kenya. Chatu wetu ni wa ukoo mwingine: yeye hutaga mayai, ilhali boa huyu huzaa watoto walio hai.

Turudi kwenye tumbo. Mtu hula mara tatu kwa siku, na tumbo lake halipumziki. Nyoka wa namna hii hukaa siku nyingi bila ya kula, na muda huo viungo vyake vya kusagia chakula ni kama duka lililofungwa. Akimeza, ndipo mwili unapoamka: asidi inamwagika tumboni, utumbo unanenepa, hata moyo unakua. Watafiti walionesha mwaka 2005 kuwa moyo wa chatu wa Burma huongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 katika siku mbili tu baada ya mlo. Kazi yote hiyo yataka joto, na nyoka hana joto lake mwenyewe. Huliazima kutoka nje. Akilikosa, asidi huchelewa, panya huoza kabla ya kuyeyuka, na nyoka hana budi kumrudisha.

Nikamwuliza kijana, "Sanduku hili unaliweka wapi?" Akajibu, "Juu ya kabati, Mwalimu, chini ya eisi, asije akaungua na joto."

Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Nje ni nyuzi 40, nasi tumejifungia ndani kwa nyuzi 20 au 21, usiku na mchana. Mtoto wa watu alidhani anamhurumia. Boa mchanga anahitaji upande mmoja wa makazi yake uwe na nyuzi 31 au 32, na upande wa pili kama 26, ili achague mwenyewe. Mkeka mdogo wa umeme wa kupashia joto unatosha, kwa sharti uwe na kidhibiti cha joto, maana bila ya hicho utamchoma. Kipimajoto kiwe ndani ya makazi. Mkono wa mtu haupimi. Na kumtoa roshani ajipashe jua la adhuhuri si dawa, ni mauti.

Kosa la pili lilikuwa la upendo pia. Kila alipomlisha, alimchukua akawaoneshe wenzake. Nyoka aliyeshiba aachwe siku mbili au tatu asiguswe. La tatu ni la muuzaji, aliyemwambia ampe panya mkubwa ili akue upesi. Panya asizidi unene wa tumbo la nyoka mahali palipo panene zaidi, na mlo mmoja kwa siku saba hadi kumi unamtosha boa mchanga.

Kurudisha chakula si jambo dogo. Asidi hupanda na kulichubua koo, na maji ya mwili hupotea. Anayemlisha tena kesho yake kwa kumwonea huruma humzidishia maradhi. Nikamwambia kijana asimpe chochote ila maji safi kwa wiki mbili kamili, kisha aanze na kitoto cha panya kisichoota manyoya. Akirudisha tena baada ya joto kurekebishwa, apelekwe kwa daktari wa wanyama, kwani huenda ana vijidudu vya tumboni, au ile maradhi ya virusi inayowaua boa, ambayo haina tiba.

Kuhusu choo, mama alicheka nilipoulizia. Lakini choo cha nyoka kina habari: sehemu nyeusi ni mabaki ya chakula, na nyeupe kama chokaa ndiyo mkojo wake. Ile nyeupe ikiwa ngumu na ya manjano, aghalabu nyoka ana kiu. Eisi hukausha hewa hata hapa Jeddah penye unyevu wa bahari, sembuse Riyadh. Bakuli la maji liwe kubwa kiasi cha yeye kujilaza ndani.

Nilimgeukia mama kwa jambo moja nililolisema kwa ukali, kwa kuwa ana binti anayetambaa. Nyoka mwenye afya njema kabisa huweza kubeba vijidudu vya salmonela, navyo huwaharisha vibaya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mtoto asimguse wala asitambae alipopita, vyombo vya nyoka visioshwe jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Asipoweza kuyatimiza hayo, nyoka atafutiwe mfugaji mwingine.

Wiki ya tatu kijana alirejea mbio kunipasha habari: kitoto cha panya kimekaa tumboni. Siku kadhaa baadaye akaja tena kuniarifu, kwa fahari kama aliyefaulu mtihani, kwamba nyoka amepata choo. Mama yeye hajaridhika. Panya waliogandishwa wamo ndani ya friji lake, kando ya sambusa za Ramadhani, na ameapa kuwa ama linunuliwe friji jingine, ama mimi niwahifadhi kwangu. Mke wangu bado hajaambiwa.