Tatizo Si Simu

Makala iliyochapishwa majuzi inadai kwamba watoto wa Malindi hawapendi kusoma, na dawa yake ni kuwanyang'anya simu. Sikubali. Mtoto anayepewa riwaya ili ataje dhamira na tamathali za usemi kwenye mtihani amepewa kazi. Mnyang'anye simu, atabaki na kazi ileile.

Muulizeni kwanza anapenda nini. Apendaye ujanja na vichekesho apewe Hekaya za Abunuwasi. Kijana anayetamani safari apewe Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996: Kongowea anaondoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na kitabu hakiwekeki chini. Msichana wa Kilifi aliyesikia nyumbani habari za Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, ana kiu tayari. Mbona tunamkimbizia miongozo ya mitihani?

Mwandishi wa makala hiyo anataka pia anayeacha kitabu katikati aadhibiwe. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sisi watu wazima huacha vitabu kila siku na hakuna anayetuchapa. Mwacheni mtoto akirudishe, achukue kingine.