Saa, Mara na Wakati

Mzazi anayemsaidia kijana wake masomo ya Kiingereza huona jinsi neno "time" linavyosumbua. Waingereza wamelitwika kazi nyingi mno: mara huuliza saa ngapi, mara huhesabu mara tatu, mara husema wakati umekwisha. Sisi tuna maneno matatu kwa kazi hizo. Wasemao Kihispania nao wanayo matatu, tena yanakwenda sambamba na yetu: "hora" ni saa, "vez" ni mara, "tiempo" ni wakati. Hivyo mwanafunzi wa Cuba au Mexico anapoanza Kiingereza hupata taabu ile ile impatayo mtoto wa Tabora.

Kihispania nacho kina vituko vyake. "Mañana" ni asubuhi, na ni kesho vilevile. Kesho asubuhi huwa "mañana por la mañana", na mgeni akadhani msemaji amesahau alichokwisha kutamka. Lakini juzi wanayo, "anteayer", na kesho kutwa wanayo, hali Mwingereza huzunguka kwa maneno manne kufika hapo. Katika hili, nadhani, Mwingereza ndiye maskini.

Neno la kuangaliwa sana ni "once". Kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania, kwa herufi zile zile, ni kumi na moja. Si jambo la kuchekwa likiwa juu ya chupa ya dawa. Huko Bronx, New York, wanakoishi wengi wasemao Kihispania, wachunguzi walipima vibandiko vya dawa vilivyotafsiriwa kwa kompyuta. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba nusu ya vibandiko vilikuwa na makosa. Pale "once" lilipoachwa bila kutafsiriwa, mama aliyeagizwa kumpa mtoto dawa mara moja kwa siku angeweza kusoma mara kumi na moja.

Bahasha zetu huandikwa "kutwa mara tatu", na hapo hapana utata. Kwetu hatari iko kwenye saa. Daktari mgeni akisema "eight o'clock", Mswahili ahesabu saa mbili. Asiyejua tofauti hiyo ya saa sita atamfikisha mgonjwa saa nane, mchana. Basi ndugu unayeombwa kutafsiri hospitalini, kabla hujataja tarakimu yoyote, uliza kwanza jua litakuwa wapi.