Corolla ya Mjomba yapata moyo wa Liteace

Wiki iliyopita niliahidi kuandika habari za mapenzi, lakini mjomba kanivuruga akili, kwa hiyo leo ni magari tu. Wapenzi mnisamehe.

Mjomba ana Toyota Corolla KE70, ile ya pembe nne. Kila alfajiri yuko Feri pale Kivukoni, anapakia samaki wa kupeleka Kisarawe. Mjini hakuna neno. Balaa ni mlima wa Pugu! Matenga nyuma, gari inakohoa, gia namba moja, wanafunzi wa shule wanampita kwa miguu huku wakimpungia mkono. Barafu inayeyuka, samaki wanalegea, wateja wanavunja bei.

Vijana wa gereji wakamjaza maneno. Mmoja alitaka kutoboa ekzosi. Kelele utapata, nguvu hupati. Mwingine akasema atoe filta ya hewa. Huko ni kulisha injini mchanga, jamani!

Dawa tuliipata Gerezani, kwenye zile injini za mtumba zilizopangwa kama mafenesi. Injini ya Corolla yake ni 4K, cc 1290. Ndani ya Liteace kuukuu kuna ndugu yake, 5K, cc 1486. Ni ukoo mmoja kabisa: pistoni inapanda na kushuka milimita 73 zile zile, ila tundu la silinda limepanuliwa kutoka milimita 75 hadi 80.5. Hewa na petroli vinaingia zaidi, basi na msukumo unaongezeka. Giaboksi ya zamani ikaikubali bila kuchomelea kitu. Fundi alibadilisha karteri tu, akaweka ya 4K, maana ile ya Liteace haikukaa vizuri.

Lakini usinunue kwa macho ya mapenzi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, kimbia. Toa plagi, weka geji ya kompresheni silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake, wewe ondoka tu. Na udai risiti. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, kwa hiyo ukibadili lazima TRA wajue. Trafiki akifungua boneti na namba hazifanani, utaeleza mpaka jasho likutoke.

Basi, Jumamosi tukapanda Pugu kwa gia namba tatu. Mjomba akapiga honi mwanzo wa mlima mpaka mwisho kama anapeleka bibi harusi.

Kasheshe ilikuja tunarudi. Gari tupu, mteremko, kakanyaga. Mbele mkokoteni wa mkaa. Breki aliposhika, pedali ikazama mpaka chini, tukasimama kwenye nyasi, mwenye mkokoteni anatutukana kwa kabila lake. Breki zenyewe ndizo zile zile za enzi ya cc 1290, tena pedi zimeisha.

"Mjomba, nunua pedi na silinda za breki," nikamwambia.

"We mtoto, hela yote imekwisha kwenye injini. Tutaona mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi umepita. Leo alfajiri kapiga honi nje, twende Kisarawe. Nimejifanya nimelala.