Hati kwanza, zege baadaye

Mei 25, 2025, Simba ilicheza fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ile ya 1993 dhidi ya Stella Abidjan, na ikaichezea ugenini ndani ya nchi yake. Marudiano ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco yalitarajiwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke. Mvua zikaharibu eneo la kuchezea, CAF ikakataa, mechi ikavushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar. Uwanja wa watu 60,000 ukabaki mtupu, shughuli ikafanyika kwenye uwanja wa watu kama 15,000. Matokeo yalikuwa sare ya 1-1, na kombe likaenda Berkane kwa jumla ya 3-1.

Mabao mawili ya kule Morocco ndiyo yaliyoamua, na pengine hata Temeke yasingefutika. Ila klabu yenye umri wa karibu miaka 90 ilisubiri kuambiwa itachezea wapi fainali yake. Nyasi si zake, matengenezo si yake, kauli haikuwa yake.

Miezi miwili kabla ya hapo tuliona jingine. Usiku wa kuamkia Machi 8, siku ya mechi ya watani Simba na Yanga, Simba ilikwenda Mkapa kufanya mazoezi ikasema imezuiwa getini. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, mashabiki waliosafiri kutoka mikoani wakarudi na tiketi zao mfukoni, na mechi ikaja kupigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Kila upande una maelezo yake kuhusu sakata lile, nasi hatutayafukua. Tunajiuliza tu ufunguo wa geti ulikuwa kwa nani. Yanga, mwenyeji wa siku ile, ni mpangaji pale. Simba, mgeni, ni mpangaji vilevile. Wapangaji wawili waligombana mlangoni kwa mwenye nyumba, Serikali, na gharama akalipa shabiki.

Msimamo wetu ni kwamba Simba na Yanga zijenge viwanja vyao. Lakini visiwe vile vinavyochorwa kwenye kompyuta kila uchaguzi wa klabu unapokaribia, vyenye paa la kung'aa na viti 50,000. Na kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji, wanachama wajue ardhi ni ya nani.

Wanaotetea kupanga wana hoja, tena nzito. Mkapa, uliofunguliwa 2007 kwa msaada mkubwa wa China, uligharimu kama dola milioni 56, na hiyo ni kuujenga tu. Nyasi zinataka maji na mtaalamu, taa zinataka umeme, vyoo vinataka mafundi, na mlinzi analipwa hata mwezi usio na mechi. Ligi yetu ina timu 16, maana yake mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Ongeza za CAF na siku ya tamasha, bado uwanja utalala zaidi ya siku 300 kwa mwaka. Manchester City nayo ni mpangaji: uwanja ni wa halmashauri ya jiji, na tangu ihamie pale 2003 imebeba karibu kila kombe linalobebeka.

Lakini someni mkataba wa City. Ni wa miaka 250. Klabu inauendesha uwanja, inaupanua, inauza jina lake, inaamua nani aingie na lini. Mpangaji wa namna hiyo ni mwenye nyumba kasoro hati. Coventry City, nchi hiyohiyo, waliuacha uwanja wao wa Highfield Road, 2005 wakahamia kwenye uwanja mpya ambao haukuwa wao. Ugomvi wa kodi ukazuka, na msimu wa 2013/14 wakajikuta wanacheza mechi za nyumbani Northampton, mji mwingine kabisa. Wakarudi. Kuanzia 2019 wakahama tena, misimu miwili Birmingham. Ilibidi kufika 2025 ndipo mmiliki wa klabu akaununua ule uwanja.

Sisi tuko wapi kati ya hao wawili? Tuko chini ya Coventry, maana hapa klabu hukodi mechi kwa mechi. Kwenye mapato ya mlangoni hutoka kodi ya VAT asilimia 18, hutoka fungu la uwanja, hutoka mafungu ya vyombo vya soka, kisha ndipo mwenyeji ahesabu kilichobaki. Mabango, maegesho, vyumba vya wageni maalumu, soda na chipsi za mapumziko, yote hayo ni biashara ya mtu mwingine. Tena hasara kubwa haionekani hata kwenye hesabu hizo. Katika misimu ya karibuni vigogo hawa wamehama kati ya Mkapa, Uhuru, Chamazi na KMC kule Mwenge. Utamuuziaje shabiki kiti cha msimu mzima ikiwa hujui mwezi ujao utachezea Temeke au Mwenge? Klabu zenye mamilioni ya mashabiki zinaishi kwa tiketi ya siku, na mvua ikinyesha jioni ile, basi tena.

Mikoani hali ni mbaya zaidi, ingawa kelele zake hazifiki mbali. Kirumba, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi, Sheikh Amri Abeid: viwanja vilivyojengwa enzi ya chama kimoja kwa nguvu za wananchi, na mfumo wa vyama vingi ulipoingia 1992 vikabaki mikononi mwa CCM. Timu haiweki nyasi kwenye uwanja usio wake. Mwenye uwanja haweki nyasi kwa mpangaji anayelipa kidogo. Mpira unadundadunda kwenye vichuguu, na mamlaka zikiufungia uwanja, timu inafungasha virago kwenda mkoa wa jirani. Hilo tutaliandikia siku yake.

Mfano wa nyumbani wa klabu yenye uwanja wake ni Azam. Chamazi inachukua watu kama 10,000, ina taa, na ratiba yake inapangwa na wenyewe. Yanga na Simba wamewahi kubisha hodi pale kuomba pa kuchezea. Tukubali hata hivyo kwamba uwanja haukuwaletea Azam mashabiki. Siku wanapowakaribisha vigogo, majukwaa ya Chamazi hugeuka mekundu au ya kijani na njano. Walichopata ni utulivu: kujua kesho wanalala wapi. Mwaka 2014 walibeba ubingwa wa Bara bila kupoteza mchezo, na hawakuhitaji viti 60,000 kufanya hivyo.

Suala la ukubwa ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu sifa ni ugonjwa wetu. Juventus walikaa miaka mingi kwenye Delle Alpi, mali ya jiji la Torino, uwanja wa watu karibu 70,000 uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990. Ulikuwa na njia ya riadha iliyomweka shabiki mbali na mpira, na mara nyingi viti vilikuwa vitupu. Wakaubomoa, wakajenga wao wa watu 41,000 hivi, wakaufungua 2011. Msimu uleule walichukua ubingwa bila kufungwa, wakaendelea kuuchukua mara tisa mfululizo. Kiungo Pirlo na kocha Conte walikuwa na mkono wao, tunajua. Matofali hayapigi krosi. Ila timu kubwa ya Italia ilipunguza viti kwa hiari yake na haikupungukiwa na ukubwa.

Kama Torino ni mbali, kuna Lubumbashi, wanakozungumza Kiswahili. TP Mazembe walifungua uwanja wao Kamalondo mwaka 2011, wa watu wasiofika 20,000. Novemba 2015 walicheza pale marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, wakashinda 2-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Mbwana Samatta, kijana waliyemchukua Simba. Walibeba kombe la Afrika kwao, kwenye nyasi zao.

Kwa hiyo viti 15,000 hadi 20,000 vinatosha. Mechi ya watani na robo fainali za CAF ziendelee kuchezwa Mkapa, kwa kukodi, bila aibu yoyote. Baada ya AFCON ya 2027 Serikali itakuwa na uwanja mwingine mpya Arusha, wa watu 30,000, nao utatafuta wa kuutumia. Viwanja vikubwa vya kukodi havitatuishia. Tunachokosa ni kidogo cha kumiliki.

Kijengwe kwa awamu. Bunju kuna viwanja vya mazoezi vya Simba tangu 2019. Jukwaa moja la zege na taa nne zingeanzia hapo, badala ya kusubiri mabilioni yote yapatikane siku moja. Wito wa kuchangia ujenzi ulitoka 2021, na jukwaa hilo bado hatujaliona. Yanga wao wana Jangwani, penye historia na hatua chache kutoka Kariakoo, lakini Mto Msimbazi ukifurika huwa hauulizi historia. Anayetangaza uwanja pale aanze na mchoro wa mifereji. Na mkopo mkubwa wa benki wausahau. Arsenal, wenye mapato tusiyoweza hata kuyaota, walihamia Emirates 2006 wakiwa na deni, wakauza nyota wao mmoja baada ya mwingine, na kati ya kombe la 2005 na lile la 2014 hawakugusa jingine.

Sasa turudi kwenye hati. Mfumo wa klabu hizi umejengwa juu ya hisa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Uwanja ukiandikwa jina la kampuni, utakuwa mali ya kampuni: unaweza kuwekwa rehani, unaweza kudaiwa, na siku kiwanja kitakapokuwa na thamani kuliko timu, atatokea wa kukiuza. Wimbledon yaliwatokea hayo. Plough Lane iliuzwa 1998 kwa kampuni ya maduka makubwa, na 2003 timu yenyewe ikahamishiwa Milton Keynes. Chelsea walijikinga mapema: kampuni ya hisa za mashabiki iliundwa 1993, na baadaye ikamiliki ardhi ya Stamford Bridge. Mwaka 2011, enzi za mmiliki Abramovich na fedha zake zote, klabu iliomba kuinunua. Ilihitaji robo tatu ya kura, ikapata kama asilimia 62, ikakosa.

Simba na Yanga tayari zina mabaraza ya wadhamini. Hati ikae huko kwa jina la wanachama, kampuni ipewe mkataba mrefu wa kuutumia uwanja na kuuendesha, na katiba iseme wazi kwamba hauuzwi wala hauwekwi rehani bila kura ya mkutano mkuu. Mwekezaji mwenye nia njema hatapungukiwa na kitu kwa sharti hilo.

Mkutano mkuu ujao, kabla picha za uwanja hazijaanza kuonyeshwa ukutani, asimame mwanachama mmoja wa Simba pale Msimbazi na mwingine wa Yanga pale Jangwani aulize: hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani, na imehifadhiwa wapi?