Mwembe unaokauka upimwe kwa ubao wake, si kwa majani



Mnyauko unaoua miembe katika pwani ya Batinah, Oman, ulianza kuonekana mwaka 1998. Chanzo chake ni ukungu ambao mwaka 2007 wataalamu waliupa jina la Ceratocystis manginecans. Baadaye ukungu huohuo ulikutwa ukiua miti ya ghafu Oman, miti ya mbao ya shisham Pakistan, na mashamba ya Acacia mangium Indonesia. Kwa hiyo si tatizo la wenye miembe peke yao.

Linalosikitisha ni kwamba mwembe unaokauka bado huhukumiwa kwa kutazamwa majani tu. Mkulima huambiwa ni chumvi, kwa sababu visima vingi vya pwani hiyo vimeingiwa na maji ya bahari, au huuziwa dawa ya kupulizia majani, ambayo haiufikii ukungu uliojificha ndani ya shina. Fedha hupotea, na mti mgonjwa hubaki shambani ukiambukiza mingine.

Ishara zipo. Chumvi huunguza ncha za majani, na kwa kawaida mti mzima huathirika. Mnyauko mara nyingi huanza na tawi moja au upande mmoja. Majani hugeuka kahawia lakini huendelea kuning'inia, na utomvu hutoka kwenye gome, mara nyingi karibu na vitundu vya mbawakawa wadogo ambao huubeba ukungu huu. Gome likibanduliwa kwa kisu, ubao wa ndani huonekana na michirizi ya kahawia iliyokolea.

Michirizi hiyo bado si uthibitisho. Kipande cha kupimwa kikatwe pale ubao uliobadilika rangi unapokutana na ulio mzima. Tawi lililokwisha kukauka hutoa ukungu mwingine unaofuata baada ya mti kudhoofika, na hapo ndipo majibu mengi huharibika. Kipande hicho hubanwa kati ya vipande viwili vya karoti mbichi, kikawekwa kwenye chombo chenye unyevu na kufunikwa. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, kama ugonjwa upo, karoti huota vijidude vyeusi vya mviringo vyenye shingo ndefu nyembamba, na kwenye ncha ya kila shingo kuna tone la rangi ya malai lililojaa mbegu za ukungu. Kinachobaki ni hadubini na maabara kuthibitisha aina yake.

Kipimo cha namna hii hakiwezi kusemwa kuwa ni ghali. Vituo vya kilimo vipokee vipande vya ubao, si majani pekee, na mkulima apewe jibu la maandishi kabla ya kuuziwa dawa. Wanaokodiwa kupogolea nao watakiwe kusafisha misumeno kwa klorini kila wanapohama mti, kwa maana ukungu huu huingia kwa urahisi kupitia jeraha bichi.

Msomaji,
Barka, Oman